Nasari ya mama wa miche, njia ya Kabarak: miche nunua, gunia jaza mwenyewe

Nianze na hukumu ndio msome mkiwa mmetulia: miche ya huyu mama ni safi, nimenunua kwake mara tatu tangu Novemba na nitarudi, lakini ile huduma ya vijana kukujazia gunia za mboga nyumbani (zile za udongo, mboga unapanda juu na pembeni) achana nayo kabisa, jaza mwenyewe na watoto jioni moja. Sasa wacha nieleze polepole juu kuna mambo ya kucheka pia, mengine nimejiletea mwenyewe.

Mimi nakaa Kiamunyi, ploti ya hamsini kwa mia, na nyumba imekula nusu. Nyuma nimebaki na kipande cha kama hatua kumi na nne kwa tisa na udongo ni ule wetu wa Nakuru mnaujua, wa majivu ya volkano, mwepesi, jua likiwaka unakua vumbi mpaka ndani ya sufuria na mvua ikinyesha maji yanapita chini kama umemwaga kwa chujio. Ile holide ya kupanda miti, tarehe 13 Novemba 2023, nilipanda mikima mitatu (ile miti ya grevillea) na picha nikapiga nikapost, Januari ilipofika yote ilikua kuni za kuwashia jiko. Kwa hivyo kupanda kitu mwezi wa Novemba kwangu ni kama kukopesha shemeji, unajua venye itaisha.

Kilichoniingiza tena ni dada yangu. Yeye anaishi Leicester, Uingereza, na kila mwaka mwezi kama huo ananitumia video akiwa na koti mbili na glavu anapanda vitunguu saumu na balbu za tulipu kabla ardhi yao haijaganda. Ata miti ya matofaa huko wakati huo inauzwa mizizi ikiwa uchi, bila udongo wowote, imefungwa tu kama kifurushi, juu majani yameanguka na mti umelala usingizi wa baridi so ukiuhamisha hausikii kitu, unakuja kuamka mwezi wa tatu au wa nne ukijipata pengine. Hio ya mizizi uchi mkumbuke, tutarudi hapo, iliniponza. Mimi nikaona kama mtu anapanda kwa baridi ya kutetemesha meno, mimi niliye na jua na mvua ya vuli nimeshindwa na nini?

Nasari yenyewe haina ubao wala jina. Iko kando ya barabara ukitoka taoni ukielekea Kabarak, utaona neti nyeusi ya kivuli imefungwa kwa miti na mitungi ya njano mingi imepangwa mbele. Jirani ndiye alinielekeza. Mama mwenyewe ni mtu wa makamo, gumboti na leso, na ukiingia haanzi kukuonyesha vitu, anaanza kukuhoji.

"Madam, kabla nikuuzie, maji unatoa wapi?"

Nikamwambia niko na tangi ya lita elfu moja ya maji ya paa na mfereji siku ile umependa.

"Basi avokado kumi sikuuzii. Chukua mbili. Januari mpaka Machi utabeba maji na mtungi hadi uchukie matunda."

Hapo ndio nilianza kumpenda bana. Wangapi wanakataa pesa yako ukiwa umeishika mkononi? Nilikua nimekuja na akili ya kununua kila kitu, kabichi mia moja, strawberi, vitunguu, ata nilimuuliza kama ananiuzia mbegu ya mahindi akanitazama kama mtoto. Kabichi mia akakataa, akauliza zikifunga zote wiki moja nitakula na nani. Akanieleza kwamba katikati ya Novemba vuli haijabakisha mengi, mara nyingi ikifika Krismasi mvua imekwisha, so panda vitu vya haraka ama vitu uko na uwezo wa kuvinyweshea kwa mkono. Terere unaanza kuchuma baada ya wiki tatu nne. Dhania, spinachi, sukuma, sawa. Mahindi ungoje Machi.

Lakini kwa nyanya alinishangaza, juu mimi nilidhani ndio nimechelewa kabisa. Akasema nyanya ukihamisha mwisho wa Novemba ni wakati mzuri kuliko ungezihamisha Oktoba, juu bilaiti, ule ugonjwa wa kukausha nyanya, inapenda majani yaliyolowa, na mche ukianza kutoa maua wakati mvua inaisha unapunguza nusu ya shida na kunyunyizia dawa, alafu inaiva kuanzia Februari wakati kwa soko nyanya zimepanda bei. Masharti ni mawili, unamwaga maji kwa shina sio juu ya majani, na unafunga kwa mti mapema. Mimi nimepanda nyanya miaka sita nikiosha majani na hozipaipu kila jioni kama gari. Sasa ndio naelewa kwa nini zilikua zinakauka zikiwa nyeusi.

Bei nilizolipa mimi, zenu mtaulizia: sukuma shilingi 3 mche mmoja, spinachi 3, nyanya haibridi 8, hoho 8, managu 2, avokado ya Hass iliyounganishwa 200, tunda damu 80. Sio bei ya chini. Kuna mahali pengine mjini, sitasema wapi, sukuma ni shilingi 1 na hoho 4, na nimenunua huko mwaka juzi. Tofauti utaiona ukishika mche. Ile ya shilingi moja ilikua mirefu, myembamba, rangi ya kijani iliyochoka, imelelewa kwa kivuli na maji mengi kama mtoto wa nyanya (bibi, sio mboga), nikaipanda jioni kesho yake saa sita yote imelala chini. Ya huyu mama ni mifupi, shina nene, na wiki ya mwisho kabla auze anaitoa kwa neti inakaa juani na anaipunguzia maji ili izoee shida. Sukuma yake ukiinunua iko na majani manne matano hivi na ukiing'oa mizizi ni myeupe na imeshika udongo. Anakuambia pia umwagie maji nyumbani saa moja kabla ya kuhamisha na upande jua likishuka.

Kitu kingine, ukimuuliza mbegu alitoa wapi anakuletea pakiti tupu, ameziweka kwa mkebe wa mafuta, na ile stika ya kukwaruza ya KEPHIS, wale wakaguzi wa mbegu wa serikali, iko kwa pakiti na imeshakwaruzwa, ile unatuma namba kwa 1393 unajibiwa kama mbegu ni halali. Sijaona mwenye nasari mwingine anafanya hivo bila kulazimishwa.

Nilinunua sukuma 60. Hamsini na saba ziko hai mpaka leo naandika, na hizo tatu hazikukufa kwa sababu ya mche, zilikatwa shingoni usiku na yule mdudu mnene wa kijivu anayejikunja kama pete ukimfukua. Nilimpigia mama akaniambia nifukue kando ya mche uliokatwa asubuhi, huwa amelala hapo hapo karibu ameshiba, kweli nikampata, kuku akamaliza kesi. Alafu hizo zingine nikazivalisha kola ya ile karatasi ngumu ya ndani ya tisho ya choo, nusu ndani ya udongo nusu nje, na majivu kidogo kuzunguka. Hakuna nyingine imekatwa.

Sasa mboga za kienyeji. Mama mkwe alikua anakuja kutoka Butere kukaa na sisi Desemba na mnajua mtu wa Butere ukimpikia spinachi siku tatu mfululizo anaanza kuuliza gari za kurudi zinapandiwa wapi. So nikaenda nasari nikitaka miche ya saga, mrenda na mitoo. Mama wa miche akaniuzia managu tu. Saga akasema hauzi mche, mzizi wake ni mmoja unaenda chini na ukiuhamisha unanuna, akanipimia mbegu kijiko kimoja cha chai, shilingi 50, nimwage kwa mstari mwenyewe. Imetoka vizuri. Mrenda pia aliniuzia mbegu, nao ulikataa kuota, wiki mbili kitanda kiko kitupu mpaka nikaanza kumlaumu huyu mama kwa wasapu. Kumbe mkwe alipofika akauliza swali moja tu, mbegu mlizichoma? Akafunga zilizobaki kwa kitambaa, akazidumbukiza kwa maji yaliyotoka kuchemka kama sekunde kumi, akatoa, akamwaga kwa kitanda, siku ya tano kijani. Ganda la mbegu ya mrenda ni gumu linataka kushtuliwa. Hio nampunguzia mama wa miche alama kidogo, angeniambia, yeye ndiye anauza. Lakini mkwe akasema pia Nakuru ni baridi, mrenda huku unasoma tu haumalizi shule, na ni kweli uko na urefu wa kidole mpaka sasa wakati saga imeshachumwa mara mbili.

Haya, avokado. Nilichukua mbili kama nilivyoamriwa. Kabla nilipe akanionyesha pale ilipounganishwa, kuna kovu kama goti na shina la juu na la chini hazifanani rangi, akasema ukiuziwa avokado ya kuunganishwa na hauoni goti umeuziwa mbegu iliyojiotea, itakaa miaka mingi kabla ikupe kitu na hautajua itakupa nini. Yake nikitunza nianze kuona matunda mwaka wa tatu hivi, na maua ya mwaka wa kwanza nitoe. Shimo futi mbili kila upande, udongo wa juu weka kando, wa chini kando, ule wa juu ndio unachanganya na debe moja la samadi iliyooza na kurudisha kwanza, na goti libaki juu ya udongo, ukilifukia umeharibu kazi yote.

Mche wa kwanza nikaupanda hivo hivo, jioni, na uko sawa sana umeshatoa majani mekundu mapya. Wa pili niliupanda Jumapili saa sita mchana juu nilikua na haraka ya kuona kazi imekwisha, na nikakumbuka video ya dada yangu na ile miti ya mizizi uchi, nikajiambia nasari ya Uingereza haiwezi kua inakosea, nikatoa mche kwa pakiti nikakung'uta udongo wote, ata nikaosha mizizi kwa beseni ikang'aa. Nilijisikia mtaalamu kabisa. Jumatano majani yalikua yamening'inia kama nguo kwa kamba na wiki iliyofuata ilikua kijiti.

Nikarudi nasari kuungama. Nilitaka kudanganya kwamba mche ulikua mgonjwa lakini yule mama ana macho. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa kwa mtungi. Akasema, "Madam, huo wa dada yako ulikua umelala. Wangu ulikua macho, na wewe umeuvua nguo saa sita mchana mbele ya watu." Avokado hailali, iko na majani mwaka mzima na majani yanavuta maji, sasa ukivunja ile mizizi midogo midogo ya kunyonya, majani yanaomba maji na hakuna wa kujibu. Mche mwingine aliniuzia 150 badala ya 200. Hakua na haja ya kunipunguzia, makosa yalikua yangu asilimia mia.

Sasa tuje kwa gunia, na hapa uso unabadilika. Pale nasari kuna vijana wawili hukaa kando na gunia moja la maonyesho, limejaa sukuma pande zote linapendeza, na wanakuambia watakuja kwako wakujazie kama hilo kwa 1,200 kila moja, gunia yao, udongo wako, samadi yao, miche juu. Nikaitisha tatu. Nikawaacha nyumbani na msichana wa kazi nikaenda kazini, kosa la pili la msimu. Jioni nikapata gunia tatu zimesimama zimepandwa vizuri, nikalipa 3,600 kwa simu nikiwa na furaha.

Wiki moja baadaye sukuma za juu zinaendelea, za pembeni zote zimekauka. Ukimwaga maji juu yanatokea chini hapo hapo, mbio. Nikasema acha nipasue moja nione. Ndani: udongo wa ule msingi wa jirani anayejenga, mkavu, wa kijivu, samadi labda koleo mbili pale juu kwa uso kama sukari kwa keki, na katikati hakuna nguzo ya mawe, kuna matofali yaliyovunjika yametupwa tu upande mmoja, pakiti za chapati na patipati moja ya mguu wa kushoto. Mashimo ya pembeni waliyakata makubwa, mkono unaingia, so kila nikimwaga maji udongo unatoka na mche unafuata.

Simu zao zikawa mteja, hazipatikani. Nilipomwendea mama akasema ukweli wake, hao si watu wake, ni wa kupewa nafasi tu hapo kando, lakini aliona haya, akanipa spinachi 20 bure za kujazia. Nilishukuru lakini nafikiri mtu akikaa kwa mlango wako na kuuza kwa jina lako hio ni kazi yako pia, na nilimwambia hivo uso kwa uso. Hakupenda. Mwezi wa kwanza nilipopita hao vijana bado walikua hapo.

Kuzirudia ilinichukua Jumamosi moja na watoto wawili, kwa hivyo wacha niwape vile nilifanya na muokoe 1,200 zenu. Udongo karai tatu kwa samadi iliyooza karai mbili, huu wetu wa Nakuru unataka samadi nyingi juu haushiki maji, changanya na mikono. Samadi ya kuku usitumie ikiwa mbichi, inachoma. Chukua mkebe mkubwa usio na mfuniko wala kitako, simamisha katikati ya gunia, jaza kokoto ndani ya mkebe na udongo nje yake, alafu vuta mkebe juu kidogo, jaza tena, hivo hivo mpaka gunia lijae, inabaki nguzo ya kokoto kutoka juu hadi chini na hio ndio njia ya maji kufika kwa miche ya pembeni. Acha likae siku mbili tatu ukimwagia maji lishuke. Mashimo ya pembeni ni ya vidole viwili tu, yasifuatane kwa mstari mmoja, umbali wa shibiri, na mche unaingia ukiwa umeinama kidogo kuelekea juu. Maji ni asubuhi na jioni kwa ile nguzo. Samadi niliinunua kwa mtu wa ng'ombe wa hapa hapa, 250 gunia, gharama yote ya kurudia gunia tatu haikufika ata elfu mbili na miche ikiwemo.

Mengine madogo madogo. Mama hana till ya kulipia kwa simu, unatuma kwa namba yake, na risiti hakuna, anaandika kwa kitabu cha shule ukitaka. Delivari ya tuktuk ni 150 hadi Kiamunyi lakini upepo wa barabarani ulichoma miche ya nyanya kabla ifike, bora ubebe na kreti kwa gari ama uiweke miguuni kwa matatu. Ukienda Jumamosi fika kabla ya saa nne, managu huisha mapema. Na mwambie aandike kwa kila pakiti ni nini, juu yeye anajua kwa macho na wewe haujui. Mimi niliuziwa hoho kumi, nne kati yake zina majani madogo madogo yenye ncha na mkwe alizitazama akasema hizo sio hoho, hizo ni pilipili za kuua mtu. Zimeanza kutoa maua meupe juzi. Mume wangu anasema ni hoho tu za aina nyingine, so tumekubaliana ya kwanza ikiiva yeye ndiye ataonja.